Tusigombanie jina la kamari, tuangalie kasi yake na hela ya korosho

Tangu Bahati Nasibu ya Taifa irudishwe mwaka 2025, huku kwetu Kusini, Mtwara na Lindi, mjadala wa kamari umewaka upya na kila ninapopita nakuta watu wamegawanyika makundi yale yale mawili. Kundi la kwanza linasema basi tena, serikali yenyewe imeingia uwanjani, kamari imeshapewa baraka. Kundi la pili linasema hapana jamani, hii ni ya taifa, ina leseni, inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, hela inarudi kwenye maendeleo, huwezi kuifananisha na yale madubwi, mashine za kamari za sarafu, yanayofichwa nyuma ya maduka mitaani. Nimeyasikia haya kwenye gari la kwenda Masasi, nimeyasikia barazani baada ya swala, nimeyasikia kibanda umiza wakati wa mapumziko ya mechi, na nadhani makundi yote mawili yanagombania jina. Mi naona pa kuangalia ni pengine kabisa. Kwa mtu wa Tandahimba, Newala, Nachingwea au Mtama, iwe ya taifa iwe ya kampuni, iwe na leseni isiwe nayo, tofauti hiyo haimfikii mfukoni. Kinachomfikia ni vitu viwili: mchezo unazunguka kwa kasi gani, na hela anayochezea imekujaje mikononi mwake. Tukishindwa kuviona hivi viwili tutaendelea kukamata mashine za sarafu ya 200 na kupiga picha nazo, huku hela ya korosho inaondoka kimya kimya usiku kupitia simu.

Tukumbushane kidogo tulikotoka. Kamari huku haikuletwa na intaneti. Kwenye magulio yetu wamekuwepo watu wa pata potea, jamaa anachanganya karata tatu juu ya boksi, wenzake wawili wanajifanya wateja, na mzee aliyetoka kuuza ufuta anaondoka bila nauli. Bahati nasibu ya serikali nayo si ngeni, ilikuwepo tangu miaka ya 1970 na wazee wanazikumbuka tiketi zake. Mwaka 2003 ikapita Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, ikaundwa Bodi, na tangu hapo neno la kiofisi likawa hilo, "michezo ya kubahatisha", neno kamari likaachiwa mashehe na mapadri. Halafu vikaja vitu viwili ambavyo ndo vimebadilisha kila kitu. Huduma za hela kwenye simu zilizoanza 2008, na kubeti mpira, ambako mwaka 2017 kulifika hadi kifuani mwa jezi za Simba na Yanga kwa pamoja. Ukishaona timu mbili ambazo haziwezi kukubaliana hata rangi ya maji zimevaa jina moja la kampuni ya kubeti, ujue jambo limeshaingia nyumbani. Leo dogo wa Mkuti pale Masasi anaongea lugha ya mikeka, yaani tiketi za kubeti mechi nyingi kwa pamoja, kama lugha ya mama, mkeka umetiki, mkeka umechanika, mechi moja tu imenichania, na hakuna anayemuuliza anaongelea nini.

Sasa kasi. Hapa naomba mnivumilie na hesabu kidogo kwa sababu bila hesabu tunabaki kupiga porojo. Chukua mechi ya kawaida ya ligi, kampuni imempa mwenyeji odi, yaani namba inayozidishwa na dau lako ukishinda, ya 1.80, sare 3.30, mgeni 4.20. Gawanya 1 kwa kila odi halafu jumlisha majibu, unapata kama 1.097, wakati matokeo yote ya mechi ukiyaweka pamoja hayawezi kuzidi 1. Hiyo ziada ndo mshahara wao, maana yake kwa wastani kila shilingi 100 wanayopokea wanarudisha kama 91. Ukibeti mechi moja moja unaumia polepole. Lakini nani anabeti mechi moja? Watu wanatandika mkeka wa mechi 10, na ile 91 inajizidisha yenyewe mara kumi, mwisho wa siku kati ya shilingi 100 inayotarajiwa kurudi ni kama 40 tu. Mkeka wa mechi 10 zenye odi ya 1.50 kila moja unaahidi zaidi ya 57,000 kwa dau la 1,000, unavutia kweli, ila nafasi ya kutiki wote ni kama moja kati ya 145. Kwa hiyo dogo anaposema "imenichania moja tu" anadhani alikaribia, kumbe mkeka wa hivyo kuchanika kwa mechi moja au mbili hutokea mara nyingi zaidi kuliko kutiki wote na ndivyo unavyofanya kazi.

Hata hivyo mkeka una kitu kimoja cha kumwokoa mtu, unachukua muda. Unautandika Ijumaa unasubiri hadi Jumapili usiku, katikati hapo unakwenda shamba, unakula, unalala. Angalia sasa mchezo wa kindege, ule wa Aviator, ambao dau lako linakua kadiri kindege kinavyopaa na unatakiwa ulichukue kabla hakijapotea. Watengenezaji wake wanasema wanarudisha 97 kati ya 100, yaani kwenye karatasi ni mkarimu kuliko mkeka, na mkarimu mara mbili kuliko bahati nasibu, maana bahati nasibu nyingi duniani hurudisha kama nusu tu ya mauzo kuwa zawadi. Mtu akisikia hivyo anasema basi kindege ndo dili. Shida ni kwamba kindege kinapaa na kupotea ndani ya sekunde chache na kingine kinapaa hapo hapo. Ukiwa unaizungusha hela yako yote, ikifika mzunguko wa 23 nusu imeshaondoka kwa wastani, ikifika wa 100 zimebaki kama 5 katika kila 100 uliyoanza nayo. Na mizunguko 100 haimalizi usiku, inaisha kabla chaji ya simu haijaisha. Sasa linganisha, mtu anayenunua tiketi ya 1,000 kila wiki mwaka mzima ametumia 52,000 na tuseme amepoteza 26,000. Mtu anayeweka 1,000 kwenye kindege mara 200 kwa usiku anapoteza kwa wastani 6,000 usiku huo, siku tano tu ameshampita yule wa mwaka mzima. Mchezo wenye asilimia mbaya umemuumiza kidogo, wenye asilimia nzuri umemmaliza. Ndo maana nasema leseni na jina havitupi jibu, kwa sababu vyote viwili vinaweza kuwa na leseni safi kabisa na mihuri yote.

Jambo la pili ni hela yenyewe. Mtu wa Dar anayepokea mshahara kila mwezi akipoteza Septemba, Oktoba inakuja. Huku kwetu minada ya korosho inaanza Oktoba, hela inaanza kudondoka Novemba, ikifika Januari imekwisha kudondoka, na hiyo ndo ya mwaka. Ndani yake kuna sare za shule, kuna bati, kuna deni la dukani, kuna palizi, kuna vibarua wa kupulizia dawa kuanzia katikati ya mwaka, kuna jando na unyago wa watoto. Na bei yenyewe hujui itakuwaje. Msimu wa 2017/18 kilo iligusa 4,000, mwaka uliofuata wakulima waligomea bei za mnadani mpaka Rais Magufuli akatangaza Novemba 2018 serikali inanunua kwa 3,300 na magari ya jeshi yakaja kubeba, kukawa na misimu ya katikati hapo kilo ikaenda chini ya 2,000, halafu Oktoba 2024 minada ya kwanza ikafunguka juu ya 4,000 tena. Mtu anayeishi hivi amezoea kwamba hela kubwa inakuja mara moja, kwa ghafla, na sababu zake zinatoka mbali, Vietnam na India zinakosafirishwa korosho. Mtu huyo ukimpa mchezo unaoahidi hela kubwa, mara moja, kwa ghafla, hauoni kama kitu cha ajabu. Anauona kama jirani wa kitu anachokijua.

Na hapa nataka kusema jambo linaloniuma. Zile stori za mkulima wa Kusini kununua kreti za soda akaogea, sijui kumnywesha mbuzi bia, zimezunguka nchi nzima kwa miaka na kila tatizo letu la hela linawekwa kwenye kapu hilo hilo, "watu wa Kusini hawajui hela". Nimesikia kiongozi mmoja wa kijiji akilisema hilo mbele ya wakulima wenzake kuhusu kubeti. Lakini angalia hela inavyoingia. Zamani malipo yalikuwa dirishani pale AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, kijiji kizima kinajua leo kuna malipo, mke anajua, mama mkwe anajua, mwenye duka ameshakaa kwenye benchi nje na daftari lake. Kulikuwa na wizi, kulikuwa na ubabaishaji, sisemi turudi huko. Ila kulikuwa na macho. Sasa hela inaingia kwenye akaunti, inakuja meseji, na meseji anaiona mmoja tu. Sisi Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo tunahesabu kwa mama, lakini jina lililopo kwenye daftari la AMCOS mara nyingi ni la baba, na simu ni ya baba. Mwanamke aliyeokota korosho zile miezi mitatu mgongo umepinda hajui siku hela iliyoingia.

Mjomba wangu wa Kitangari ni mtu wa swala tano na katika maisha yake hajawahi kushika karata. Msimu mmoja mwanawe alimwekea mchezo wa kindege kwenye simu, wakacheza kidogo kwa kucheka, wakapata kama elfu nane. Siku malipo ya korosho yalipoingia akaamka usiku peke yake, na hadi adhana ya alfajiri 340,000 zilikuwa zimeondoka. Mke wake alikuja kujua Januari alipoomba hela ya sare. Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Mpwa wangu, hela ya mkononi ningeihesabu. Ile ilikuwa namba tu." Sijaongeza neno. Nimeitaja kwa sababu mjomba si mvivu na si kijana, na hakuna mashine ya dubwi iliyokamatwa popote ambayo ingemsaidia.

Turudi kwenye hoja za wanaotetea, maana zipo zenye uzito. Ya kwanza ni uhuru wa mtu na hela yake, na hii naiheshimu. Mtu mzima akiweka buku kwenye mkeka wa Jumamosi akaangalia mpira kwa raha zake, amenunua burudani kama mwingine alivyonunua bia au tiketi ya mziki. Ya pili ni kwamba ukipiga marufuku unaihamishia gizani, na hii ni kweli, tumeiona kwa jirani. Kenya walizifungia kampuni kubwa mwaka 2019, wacheza kamari hawakwenda shamba, walihamia kwenye kampuni nyingine, na baadaye kubwa mojawapo ikarudi sokoni. Ya tatu ni kodi. Serikali inakusanya kweli, na kodi hiyo haijui dini wala kabila. Mi swali langu kwenye kodi ni dogo tu, kodi inayokusanywa kwenye simu ya mtu wa Mahuta inahesabiwa Dar, hakuna mahali popote halmashauri ya Tandahimba inaona kwamba msimu huu kiasi hiki kimetoka kwa watu wetu, wakati kwenye kilo ya korosho kila tozo inajulikana mpaka ya kijiji. Tungekuwa na hesabu ya namna hiyo kwa kubeti tungekuwa tunajadiliana kitu tunachokiona.

Hoja ya mpira nayo inatajwa sana, kwamba bila kampuni za kubeti timu zingekufa. Kwa Simba na Yanga sawa, hela imeonekana. Kwa timu za mikoani sioni. Ndanda yetu imeshuka daraja 2020 na miaka hiyo ndo kubeti kulikuwa kumepamba moto kila kona, vijana waliokuwa wanajaza uwanja wa Nangwanda Sijaona wakaendelea kubeti, tena ligi za Ulaya ambako hawajui hata mji ulipo. Hela ya udhamini inafuata jina kubwa. Tusiifanye hoja ya Mtwara wakati ni hoja ya Kariakoo.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndo inayopendwa kuliko zote kijiweni, ni hii: "kilimo chenyewe ni kamari, mbona hamkikatazi?" Inachekesha ikisemwa haraka na inaonekana ina akili. Ukiitazama vizuri haisimami. Mkorosho ukiupogolea, ukaupulizia dawa ya salfa kwa wakati ili ugonjwa wa ubwiri unga usile maua, ukapalilia chini yake ili uokote vizuri, unajiongezea nafasi, na jirani yako aliyefanya hivyo atavuna kuliko asiyefanya hata kama mvua ni ile ile. Kwenye kindege hakuna kupalilia. Unayebeti mara ya elfu una nafasi ile ile ya anayebeti mara ya kwanza. Halafu mkulima akivuna vizuri hakuna aliyelazimika kuvuna vibaya ili yeye apate, mnunuzi anapata korosho, mbeba magunia anapata kibarua, mwenye ghala anapata chake. Kwenye kamari faida ya mwenye mchezo ni hasara yako wewe, hakuna chanzo kingine. Kilimo kina bahati ndani yake, sikatai, wazee wetu wamelia na mvua na bei miaka yote. Ila kubahatika na kubahatishwa ni vitu viwili.

Upande wa wanaopinga nao wana hoja nzito na hoja nyepesi. Nzito ni ya dini, na kwa pwani hii huwezi kuipita. Qur'ani katika Al-Maida aya ya 90 inaweka kamari pamoja na ulevi katika uchafu wa kazi za shetani, na aya inayofuata inataja sababu, kutia uadui kati ya watu na kuwazuia na swala. Lakini mi huwa naikumbuka zaidi Al-Baqara aya ya 219, ambayo inasema ndani ya viwili hivyo kuna dhambi kubwa na kuna manufaa kwa watu, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Aya hiyo imekubali kwanza kwamba watu wanaona faida fulani, ndipo ikapima. Sisi tunapohubiri mara nyingi tunaruka hiyo sehemu ya kukubali, tunakwenda moja kwa moja kwenye kulaani, na kijana aliyeona rafiki yake amepata laki nne jana anaona shehe haijui dunia. Anayetaka asikilizwe lazima akubali kwamba kijana anatafuta kitu cha kweli.

Hoja nyepesi ya wapinzani ni ile ya uvivu. Kwamba vijana wa Kusini wanabeti kwa sababu hawataki kazi. Hapa kuna utafiti wa jirani unaotusaidia, wa Sylvan Herskowitz, aliyefuatilia wacheza kubeti wa Kampala kule Uganda. Aliowafuatilia ni wanaume wenye vipato vidogo vya kubangaiza, watu wa kazi, na alichokikuta ni kwamba wengi walikuwa wanabeti wakilenga kitu kikubwa cha kununua mara moja, kitu ambacho kwa kudunduliza wasingekifikia kwa sababu hawana mahali pa kuweka hela isiliwe. Akawapa baadhi yao kisanduku cha kawaida cha mbao cha kuwekea akiba, na hamu yao ya kubeti ikapungua. Kisanduku tu! Hakuna mahubiri, hakuna mgambo. Fikiria sasa dereva boda wa Lindi mjini anayetaka kununua boda yake mwenyewe aachane na kulipa hesabu ya tajiri kila siku. Anabakiza elfu tatu, elfu nne. Nyumbani haikai, mgonjwa atatokea, shemeji atapiga simu. Benki anaona si mahali pake. Mkeka unamwambia hiyo elfu tatu inaweza kuwa milioni Jumapili. Amekosea hesabu, lakini lengo lake ni la mtu anayejituma. Mama zetu wenye vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, wamelijua hili zamani, ndo maana sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na ukiangalia vizuri wanawake wa vikoba huwakuti kwenye mikeka kwa wingi kama waume zao. Walichonacho ni sanduku, wala si kwamba wameumbwa na moyo mwingine.

Sasa tukikubali kwamba tatizo ni kasi pamoja na hela ya mkupuo, kuna mambo yanafuata, na mengine hayatawafurahisha watu.

La kwanza ni kwamba Bodi iguse kasi yenyewe. Hili si jambo la kufikirika, Uingereza wamelifanya. Aprili 2019 walishusha dau la juu la mashine za kwenye maduka ya kubeti kutoka pauni 100 hadi pauni 2 kwa mzunguko, na Oktoba 2021 wakaweka sharti kwamba sloti ya mtandaoni isizunguke chini ya sekunde 2.5. Nchi ile imezoea kamari kuliko sisi, haijapiga marufuku kamari, imepunguza mwendo. Kwetu ingewezekana kabisa kuweka muda wa kusubiri kati ya raundi na raundi, kuweka kikomo cha hela inayoingia kwa siku kwa kila jina lililosajili laini, na kufunga michezo ya kasi kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Simu zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo kumjua nani ni nani si kazi ngumu. Kwa sheria ya kasi kama hiyo bahati nasibu ya wiki ingebaki ilivyo bila shida na mkeka ungebaki, kindege ndo kingeguswa, na hata dubwi la sarafu lingeingia humo humo hata kama lingekuwa na leseni.

La pili ni mkopo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zisizo na kibali, na hiyo ilikuwa hatua nzuri, ila watu wengi waliisoma kama habari ya udhalilishaji tu, zile meseji za kutishia ndugu zako. Mi naisoma pamoja na kamari. Mtu aliyepoteza saa tano usiku anaweza kukopa saa tano na nusu na kuendelea. Na huku kwetu mkopo una jina la zamani zaidi, kangomba. Mtu akiishiwa Julai korosho zikiwa bado maua mtini, anamfuata mwenye hela, anauza mavuno yasiyokuwepo kwa bei ya kutupa. Serikali imepambana na kangomba miaka na miaka kwa kukamata wanunuzi. Sijaona mtu aliyeuliza kwa nini Julai muuzaji hana hata hela ya vibarua, na kiasi gani cha hela ya Desemba kilipita kwenye simu kabla hakijafika kwenye salfa.

La tatu ndo gumu, namna ya kulipa korosho. Mi naamini mkulima angepewa nafasi ya kuchagua, siku anapeleka mzigo AMCOS, kwamba sehemu ya hela yake ilipwe mara moja, sehemu ifungwe mpaka Januari ya shule, sehemu mpaka Mei au Juni ya dawa. Nikiwaambia watu hivi najua nagusa kidonda. Tumeshaishi kwenye malipo ya awamu, malipo ya kwanza, ya pili, na ile ya majaliwa ambayo kwa wengi ilibaki majaliwa kweli. Liwale Aprili 2013 nyumba zilichomwa kwa sababu ya malipo ya pili yaliyokuja pungufu. Mkulima aliyeyaona hayo ukimwambia "tutakushikia hela yako" ana haki ya kuchukua jembe. Kwa hiyo haiwezi kushikwa na chama, wala na union, yaani chama kikuu cha ushirika, wala na halmashauri. Lazima iwe kwenye akaunti yake kwa jina lake, imeshaingia, anaiona salio lote, ila yeye mwenyewe ameifungia tarehe, na kuifungua kabla ya tarehe kuwe kwa kwenda tawini na mwenzi wake wakasaini wote wawili. Hiyo ya kusaini wawili najua wanaume wenzangu wengi wataipinga. Nimeifikiria sana na sijaona njia nyingine inayorudisha yale macho yaliyokuwepo dirishani bila kurudisha wizi uliokuwepo dirishani.

Kuna mtu ataniuliza, je huyo dereva boda wa Lindi ambaye hana korosho wala AMCOS? Ni kweli, kwake malipo ya tarehe hayamsaidii kitu, hela yake ni ya kila siku. Yeye anahitaji kile kisanduku, yaani kikoba cha wanaume kinachoaminika pale kijiweni, na anahitaji kindege kipunguzwe mwendo. Wale wanaoandaa mikutano mikuu ya AMCOS kabla ya msimu waweke ajenda ya malipo ya tarehe hata kama ni kwa majaribio ya chama kimoja Newala au Ruangwa, wenye vijiwe vya boda waite mama wa vikoba mmoja awafundishe habari ya funguo tatu. Bodi nayo iulizwe swali moja kwa maandishi, tena na wabunge wetu wa huku: raundi moja ya mchezo mliouruhusu inachukua sekunde ngapi, na nani alikaa akaamua kwamba sekunde hizo zinatosha?